Goti la Neville

Kwa Bi Bagshaw, Marlsea
Jumapili, 4 Agosti 1968

Kaka Neville,

Tumepita! Nasema tumepita kwa sababu goti lililopimwa ni lako. Daktari wa timu, Pettifer, mzee wa miwani mwenye mikono ya baridi, alitoa ile picha ya eksirei kwenye bahasha, akaiinua dirishani, akaitazama weee, mimi roho mkononi. Mwishowe akasema, "Sugden, hili ni goti la mtu atakayecheza miaka kumi na tano." Nusura nimwambie, daktari, mwenye goti hilo yuko Cragfold anasambaza maziwa.

Kisha akanirukisha kwa mguu mmoja mmoja. Wa kushoto, safi. Wa kulia, niliuma meno nikatabasamu.

Bado nacheka nikikumbuka ulivyotoka kule hospitali umelowa jasho. "Jina?" "Keith Sugden." "Umezaliwa lini?" Na wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, hukumbuki siku niliyozaliwa mpaka uhesabu vidole! Kama yule nesi angekuwa macho, leo ningekuwa bado nakunja mazulia kiwandani, na Jumamosi nacheza mchangani. Mchangani tunasema tu. Uwanja wetu hauna hata punje ya mchanga, ni tope na mteremko.

Hapa wamenipa jina hilohilo, Mchangani. Beki mmoja wa hapa aliniuliza mazoezini, "We Mchangani, kwenu huko magoli yana nyavu?" Ilipopigwa kona nikaruka juu ya kichwa chake nikaondoa mpira, nikamwambia, "Hatuna, kwa hiyo mpira ukipita tunaufuata mpaka mtoni. Ndiyo maana hatuuachi upite." Kocha Rudge alicheka. Nadhani nitapata nafasi.

Mwambie Mama nakula vizuri. Bi Bagshaw, mwenye nyumba wangu, anachemsha kabichi mpaka inaomba msamaha, lakini mkono wake wa pai si haba.

Siri hii ni ya watu watatu: mimi, wewe na Mzee Horace. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Keith


Cragfold
11 Agosti 1968

Mdogo wangu,

Barua sijaichoma. Nimeiweka bandani ndani ya kopo la mbegu za vitunguu. Mke wangu Hilda haingii huko, anaogopa buibui.

Mama ameshamaliza mtaa kwa kutangaza. Amemwambia mchungaji, amewaambia wanawake wote wa foleni ya mkate, na jana amemwambia muuza makaa, ambaye hasikii, kwa hiyo na nyumba za nyuma nazo zimepata habari. Nikisimamisha gari la maziwa kila mlango ni huohuo: "Kijana wenu vipi?" Siku hizi hata chupa nikivunja hakuna anayenigombeza.

Mzee Horace anakusalimu. Anasema maji baridi asubuhi na jioni. Unamjua, bucha lake mjini, na uwanjani ndiye mganga wa timu, na ndoo yake na sifongo yake, kwake pua iliyovunjika na mguu ulioteguka dawa ni moja. Ndiye aliyekumwagia goti maji siku ile ya Boksing Dei, kesho yake ya Krismasi, akakwambia, "Simama, kijana, tembea, litapoa." Na kweli ukasimama. Nadhani sote tulifurahi mno kukuona umesimama, hakuna aliyewaza kukupeleka kupigwa picha.

Wewe hulisemi, ila mimi nalikumbuka kila siku. Mechi ya waliooa na makapera, mchezo wa kuchekesha watu waliovimbiwa bata mzinga, nusu ya wachezaji wamelewa, na mimi nikakuvamia gotini vile. Lilikuwa tope, Keith. Niliteleza. Nilikwambia siku ile na nakwambia tena. Kama nililiharibu la kwako, basi chukua la kwangu, uende nalo mbali.

Kaka yako,
Neville


Kwa Bi Bagshaw
16 Novemba 1969

Kaka,

Najua nimekaa kimya. Gazeti unasoma, kwa hiyo unajua kwamba sijakosa mechi hata moja tangu Agosti. Beki wa kati, jezi namba tano, na wanaoniita Mchangani sasa ni watazamaji wenyewe, wanaimba kabisa. Ungesikia watu elfu kumi na mbili wakiimba mchangani, ungecheka mpaka ukalia.

Ila goti limeanza. Jumatatu siwezi kushuka ngazi za hapa ila kinyumenyume, nimeshika ukingo, na Bi Bagshaw anajifanya haoni. Nilikwenda kwa Pettifer nikamwambia linauma kwa ndani. Unajua alifanyaje? Akafungua kabati, akatoa bahasha, akainua picha yako dirishani. "Sugden, hapa hakuna kitu. Goti ni zima kama la mtoto. Maumivu mengine yako kichwani."

Nilishindwa kucheka, nikashindwa kulia. Anatazama goti lako, halafu sindano anaichoma kwenye goti langu. Maana siku hizi ni sindano, Neville. Saa moja kabla ya mechi, pembeni ya pia ya goti, na dakika tisini nzima sisikii chochote, ni mguu wa mtu mwingine. Jioni ndiyo unarudi kuwa wangu.

Usimwambie Mama.

Keith


Cragfold
23 Novemba 1969

Keith,

Nimeisoma barua yako mara nne na maziwa yakachelewa mtaa mzima.

Mwambie daktari. Mwambie ile picha si yako, akupige nyingine. Nimemweleza Horace habari ya sindano, alikuwa anakata mbavu, akaweka kisu chini. Akasema, "Neville, mimi nimefungua magoti ya ng'ombe miaka thelathini. Kile cheupe kinacholainisha kikilika, hakioti tena. Na mtu asiyesikia maumivu hajui anapojivunja." Hajawahi kuniambia neno zito hivyo. Kwa kawaida ni ndoo tu.

Mimi mwenyewe mwaka huu sichezi Boksing Dei. Nimewaambia mgongo unanisumbua. Mgongo wangu ni mzima.

Mwambie, mdogo wangu. Nakuomba.

Neville


Kwa Bi Bagshaw
25 Oktoba 1970

Neville,

Kila barua yako ni wimbo mmoja, mwambie daktari, mwambie daktari. Sasa nikwambie mimi. Mchezaji akigundulika alidanganya kwenye vipimo, mkataba unachanwa siku hiyohiyo, na hakuna timu itakayomgusa tena. Hakuna picha mpya nitakayokubali kupigwa, kwa sababu wataiweka kando ya ile ya zamani, na hata kipofu ataona ni watu wawili. Nimefungwa, unaelewa? Mlango tuliufunga wenyewe, mimi na wewe, tukicheka.

Jumanne nilibaki nyuma kwenye mbio za mazoezi. Rudge akasimama mbele ya wenzangu wote akasema, "Mpisheni Bibi Sugden, ana goti la kufikirika." Wakacheka. Nami nikacheka nao. Ningefanyaje? Ushahidi ulikuwa kabatini kwa daktari, na ushahidi unasema mimi ni mwoga.

Na wewe ukae huko Cragfold unishauri niache. Nikuulize jambo moja. Yule msaka vipaji alipokuja kututazama ile Desemba, ulimpelekea chai mwenyewe, ukasimama pale na kikombe ukingoja akuulize jina. Akauliza la kwangu. Nilikuona uso wako. Sijakulaumu kamwe, ulicheza miaka sita kabla yangu na ulistahili. Lakini usinishushe mimi ili tulingane.

Msimu huu tunaweza kupanda daraja. Niache nicheze.

Keith


Cragfold
20 Desemba 1970

Keith,

Umesema kweli nusu. Nusu ya pili siwezi kuiandika.

Mama amekufumia soksi, zimo humu. Moja ni ndefu kuliko nyenzake, usimwambie. Horace ameanza kukohoa vibaya. Hilda anakusalimu.

Nitanyamaza kama unavyotaka.

Neville


Cragfold
Jumanne, 19 Januari 1971

Kwa Daktari Pettifer,

Bwana, hunijui. Mimi ni kaka yake Keith Sugden, beki wenu.

Picha ya goti iliyo kabatini kwako ni ya goti langu. Nilikwenda kupigwa kwa jina lake Julai 1968, kwa sababu lake liliumia Desemba iliyotangulia, kwenye mechi ya kujifurahisha, na tulijua lisingepita. Kwa hiyo anapokwambia linauma, linauma kweli. Nimesoma gazetini kwamba Jumamosi hii mna mechi ya Kombe na kwamba Sugden "atakuwa tayari baada ya matibabu kidogo." Najua matibabu hayo ni nini. Nakuomba usimchome tena. Mpige picha yake mwenyewe uone.

Kosa ni langu, wazo lilikuwa langu. Kama kuna wa kuadhibiwa, nipo kila siku, nyumba namba 9, Chapel Row.

Neville Sugden


Marlsea
9 Machi 1971

Bwana Sugden,

Barua yako ya tarehe 19 Januari imenifikia leo, pamoja na nyingine zote zilizolala masandukuni wiki saba za mgomo wa posta.

Habari zenyewe unazo, kwa kuwa mama yenu amekuwa hapa. Naandika ili ujue yale ambayo hayakuwa gazetini. Jumamosi ile ya Kombe nilimchoma ndugu yako saa saba na nusu mchana, sindano mbili badala ya moja, kwa sababu aliniomba. Dakika ya sitini na nane aligeuka kumfuata mshambuliaji. Hakuna aliyemgusa. Alinyanyuka mwenyewe akacheza dakika tatu nyingine juu ya goti lililokwisha pasuka, kwa kuwa hakusikia kitu. Dakika hizo tatu ndizo zilizommaliza. Wameitoa pia ya goti. Mguu hautakunjika tena, na uwanjani hatarudi.

Usiku ule hospitali walimpiga picha. Niliiweka kando ya ile ya kabatini, na nikajua kwamba mifupa ile si ya mtu mmoja. Sikumwambia yeyote, na klabu haitajua kutoka kwangu. Nimehesabu kwenye daftari langu. Mara tisa nilimwambia kijana yule goti lake halina kitu. Siku hizi naisikia sauti yangu nikiyasema hayo.

Ningeipata barua yako Ijumaa ile, nisingemgusa.

A. Pettifer


[Juu ya karatasi, kwa penseli, mwandiko wa Neville: Imefika 11 Machi.]

Kwa Bi Bagshaw
Jumanne usiku, 19 Januari 1971

Kaka,

Wanasema posta wanagoma kuanzia kesho, ila Bi Bagshaw ananihakikishia ya leo itawahi.

Nisamehe yale niliyokuandikia Oktoba. Nilikuwa na hasira na goti, nikakupiga wewe. Nimechoka, Neville. Jana nimeanguka bafuni, mtu mzima, nikakaa pale sakafuni nusu saa nikingoja mguu ukubali. Nilimwita Mama. Hakuna aliyesikia, namshukuru Mungu.

Jumamosi tuna mechi ya Kombe, na timu ya daraja la kwanza, watu hapa wamerukwa na akili. Sijui nifanye nini. Nikimwambia Pettifer kabla ya mechi nimekwisha, nisipomwambia sijui. Siwezi kuamua peke yangu, kichwa kimejaa. Tangu utotoni ukisema "wako huyu!" naruka, ukisema "acha!" naacha, na hatujawahi kufungwa kwa kukusikiliza.

Basi nisemeshe sasa. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nitakaa kando ya simu ya hapa nyumbani, Marlsea 417. Ukiniambia acha, nitakwenda moja kwa moja kwa daktari nimwambie kila kitu, na nitarudi kukunja mazulia, na sitakulaumu hata siku moja. Simu isipolia nitajua umesema cheza.

Mdogo wako,
Keith


Cragfold
12 Machi 1971

Keith,

Barua yako ya Januari imefika jana, pamoja na ya daktari. Niliisoma nimesimama mlangoni, kreti ya maziwa mkononi.

Unajua Ijumaa ile saa kumi na mbili nilikuwa wapi? Nilikuwa mezani nakula samaki na chipsi. Kibanda cha simu ninakiona kutoka dirisha letu. Nilikuwa nakitazama wakati nakula, kwa sababu Alhamisi mchana niliingia humo nikapiga simu klabu, na daktari mwenyewe akapokea. Akasema, "Pettifer hapa." Akasema tena, "Nani mwenzangu?" Nikakata. Mdomo ulikataa, Keith. Nikajiambia, si nimemwandikia? Barua iko njiani.

Nitakwambia kila kitu, kwa maana nikinyamaza tena nitaoza. Ile barua niliitia kwenye sanduku Jumanne saa mbili usiku. Redio ilikuwa imetangaza tangu asubuhi kwamba mkusanyo wa mwisho ni saa kumi na moja jioni, halafu mgomo. Nilijua. Nilizunguka na barua mfukoni mchana kutwa, na nikangoja mpaka nikawa na hakika haitakwenda, ndipo nikaitia. Nilitaka niwe nimeiandika. Sikutaka isomwe. Na treni zilikuwepo. Siku nne, na treni zilikuwepo.

Unajua kwa nini? Kwa sababu daktari angeuliza goti liliumiaje. Siku ile ya Boksing Dei sikuteleza. Tope lilikuwepo, lakini sikuteleza. Ulikuwa umeshautoa mpira, niliuona unaondoka, na mimi nikaendelea kuja. Ilikuwa siku kumi tu tangu yule bwana anywe chai yangu akauliza jina lako. Sikutaka kukuvunja. Nilitaka tu ulale chini kidogo, mbele ya watu, uone. Hiyo ndiyo nusu niliyoshindwa kuiandika.

Mama alipokuja huko nilisema maziwa hayana mtu wa kuyapeleka. Mtu yeyote mwenye mikono angeyapeleka. Niliogopa kukuona umelala chini tena.

Sijui naomba nini. Horace alizikwa wiki iliyopita, ndoo yake wameiacha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hakuna anayetaka kuiondoa. Sasa mtu wa tatu wa siri yetu ni daktari.

Neville


Hospitali, Marlsea
Jumapili, 21 Machi 1971

Kaka Neville,

Siku nne nimekaa na barua yako chini ya mto. Nimeijibu mara tatu kichwani kwa matusi ambayo Bi Bagshaw angenifukuza nayo. Nikaona niandike yakishaisha.

Nilijua. Nilikuwa nimelala chini kwenye tope, macho yangu kwako, Horace ananimwagia maji, na uso wako haukuwa wa mtu aliyeteleza. Hata uliposema "niliteleza" hukuniangalia. Nilijua ile Boksing Dei, nikajua ulipojitolea kwenda kupigwa picha. Nikakubali haraka, kwa maana nilitaka kuondoka Cragfold kuliko nilivyotaka goti. Kwa hiyo na mimi sina usafi wa kukurushia. Ila ya simu uliyoikata Alhamisi inaniuma. Ya mpira nimekusamehe zamani. Ya simu sijaweza bado, na sitakudanganya kwamba nimeweza. Nilikaa pale kwenye kiti mpaka saa tatu usiku. Bi Bagshaw aliniletea kikombe cha chai akadhani nasubiri msichana.

Daktari Pettifer anakuja kila siku, anakaa pale kitandani. Juzi aliniletea ile bahasha, akasema haina tena kazi kabatini. Nimeiweka humu. Jina lililoandikwa juu ni langu, lakini nakurudishia goti lako. Limecheza mechi themanini na tatu za ligi na sita za Kombe, na watu elfu kumi na mbili wameliimbia. Ulitaka kufika, basi ulifika.

Wananitoa Jumamosi. Treni inaingia Cragfold saa tisa na dakika kumi. Usimlete Mama, kulia akalie nyumbani. Njoo peke yako, uje mapema, uwe stesheni kando ya reli treni ikisimama. Kutoka relini mpaka barabarani kuna ngazi thelathini na moja. Nilikuwa nazipanda mbilimbili na mkoba wangu wa njumu, na wewe nyuma unanitukana nikungoje. Siwezi kuzipanda, Neville. Itabidi unibebe.

Keith